Waya mpya wa spika hauhitaji 'kuzoeshwa', sikio ndilo huzoea

MALIPO ya pili ya majani chai, ambayo wakulima wengi huyaita bonasi, huingia katika akaunti zao kuelekea mwisho wa mwaka, miezi michache baada ya viwanda vinavyosimamiwa na KTDA kufunga hesabu mnamo Juni 30. Kwa familia nyingi za Kericho na Bomet, huo ndio wakati wa kulipa madeni, kutenga karo na, pesa zikibaki, kununua kitu cha kupamba sebule.

Miongoni mwa vitu hivyo ni mitambo ya muziki: redio kubwa, wufa, amplifaya na spika zake. Mnunuzi akifika nyumbani na kusikia sauti kavu isiyo na besi, huenda akapewa ushauri ambao wapenzi wa muziki kote duniani wamekuwa wakipeana kwa miaka mingi. Huambiwa asiharakishe kulalamika kwa kuwa mtambo ni mpya. Auache upige kwa saa 100 au 200, ndipo nyaya na spika zizoee kazi na sauti ipate "kufunguka".

Ushauri huo una ukweli kidogo kuhusu spika, na ukweli mdogo zaidi kuhusu amplifaya. Kuhusu waya, hauna msingi wowote uliothibitishwa kwa vipimo.

Kwa mkulima aliyesubiri bonasi mwaka mzima, hilo si jambo la mzaha. Siku anazopoteza akingoja waya "ulainike" ndizo siku ambazo nafasi yake ya kurudisha bidhaa mbovu hupungua. Aidha, anaweza kushawishiwa kununua waya wa bei ghali ilhali tatizo liko kwingine kabisa.

WAZO LILIKOTOKA

Imani kwamba kifaa kipya sharti kizoeshwe haikuzuka bure. Mwenye pikipiki mpya huambiwa asiikimbize sana katika kilomita mia kadhaa za kwanza, kwa sababu vyuma vya injini vinavyosuguana bado vinalainishana. Kiatu kipya cha ngozi humbana mvaaji hadi ngozi inyooke. Katika hali zote mbili kuna kitu kinachosuguka au kunyooka, na badiliko hilo linaweza kuonekana au kupimwa.

Katika siku za gramofoni, usugukaji ulikuwa sehemu ya kila siku ya kusikiliza muziki. Nchi ya Wakipsigis ina ushahidi wake mashuhuri wa enzi hiyo. Mnamo 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet nyimbo zilizomtaja "Chemirocha", jina lililotokana na la mwanamuziki wa Marekani Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933 na ambaye sahani zake zilikuwa zimefika huku.

Gramofoni za wakati huo zilitumia sindano ya chuma iliyokwaruza mfereji wa sahani. Sindano hiyo ilichakaa upesi kiasi kwamba watengenezaji walishauri ibadilishwe baada ya kupiga upande mmoja wa sahani. Aliyesema kwamba kifaa chake kilibadilika kwa kutumiwa alikuwa anasema kweli.

Katika mtambo wa leo, unaopokea muziki kutoka kwa simu, kifaa cha USB au stesheni kama vile Chamgei FM na Kass FM, sehemu inayotikisika ili kutoa sauti ni moja tu, nayo ni spika. Kwa hivyo, swali la kwanza la kumuuliza anayedai kwamba kifaa fulani kinahitaji kuzoeshwa ni hili: ni kitu gani ndani yake kinachobadilika?

Mkulima wa chai hahitaji kufundishwa swali hilo. Anajua kwamba majani mabichi yakifika kiwandani hunyaushwa kwa saa kadhaa, na kwamba muda huo una sababu: maji hupungua ndani ya jani, na upungufu huo hupimwa. Hakuna anayemwambia angoje bila kumweleza kinachongojewa.

SPIKA: HAPA KUNA UKWELI

Ndani ya spika mna koni ya karatasi au plastiki iliyoshikiliwa sehemu mbili. Ukingoni hushikwa na pindo la mpira, povu au kitambaa, na katikati, nyuma yake, hushikwa na kitambaa chenye mikunjo kama ya kinanda cha mkono. Koili ya waya iliyo kwenye shina la koni hukaa katikati ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita katika koili, koni husukumwa mbele na kuvutwa nyuma, nayo hewa hutikisika.

Pindo na kile kitambaa vikiwa vipya, huwa vigumu kidogo kwa sababu ya gundi na dawa inayotumiwa kuvikaza. Vikishapinda mara nyingi, hulegea. Badiliko hilo hupimika: kiwango cha mtetemo ambapo koni hutikisika kwa urahisi zaidi hushuka kidogo, yaani spika huelekea upande wa besi.

Wahandisi wana vipimo vya kueleza jambo hilo. Vipimo hivyo huitwa kwa majina ya wahandisi wawili, Neville Thiele, aliyechapisha kazi yake mwaka 1961, na Richard Small, aliyeiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni kwa kutumia vipimo hivyo ambapo mtengenezaji huamua ukubwa wa kasha linalofaa kwa spika fulani.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo wanaosifia saa 200 huyasahau. La kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya kulegea huko hutokea mapema mno, katika dakika za mwanzo au saa chache za kupiga muziki wenye besi. Baadhi ya watengenezaji huzitikisa spika zao kiwandani wakati wa kuzikagua, hivyo kazi hiyo huwa imeanza kabla mnunuzi hajafungua katoni.

La pili ni kwamba spika haifanyi kazi ikiwa peke yake bali ndani ya kasha. Hewa iliyofungiwa ndani ya kasha nayo ni kama springi inayoisukuma koni. Katika makasha mengi ya nyumbani, hasa yale madogo yaliyozibwa, springi hiyo ya hewa ina nguvu kuliko pindo la mpira. Kwa hivyo pindo likilegea kidogo, sauti inayotoka nje haibadiliki kwa kiwango hicho hicho.

Ufupi wa maneno ni kwamba spika mpya inaweza kubadilika kidogo jioni ya kwanza au mbili. Spika inayokoroma, inayokwaruza au isiyo na besi kabisa siku ya kwanza haitapona kwa kuachwa ipige mwezi mzima. Hiyo ni mbovu, au imeunganishwa vibaya.

AMPLIFAYA: JOTO, SI MAZOEA

Amplifaya haina koni wala pindo. Kinachobadilika ndani yake ni joto. Transista zikipata joto, mikondo yake husogea hadi itulie, jambo ambalo huchukua muda usiozidi nusu saa hivi. Amplifaya za zamani za balbu za kioo ndizo zilizohitaji subira zaidi, kwani balbu isipopata moto haifanyi kazi.

Joto hilo hupotea kila mtambo unapozimwa, na hurudi kila unapowashwa. Hayo si mazoea yanayojikusanya kwa saa 200.

Kuna kifaa kimoja kinachostahili kutajwa, nacho ni kapasita kubwa za kuhifadhi chaji. Zikikaa kwenye stoo kwa miaka mingi bila umeme, utando mwembamba ulio ndani yake hudhoofika, na hujijenga upya zikitiwa umeme. Mafundi wanaofufua redio za mababu hulijua jambo hilo, na huziwasha kwa kuongeza volti polepole. Amplifaya iliyotengenezwa majuzi haina shida hiyo.

WAYA HAUNA LA KUJIFUNZA

Waya wa spika ni shaba iliyofunikwa kwa plastiki. Sifa zake zinazoweza kuathiri sauti ni tatu: ukinzani, yaani jinsi unavyouzuia mkondo kupita; uwezo wake wa kushika chaji kati ya nyuzi zake mbili; na ule utando wa sumaku unaouzunguka mkondo ukipita. Zote tatu hutegemea urefu, unene, aina ya madini na nafasi kati ya nyuzi. Muziki uliopita jana hauongezi wala haupunguzi hata moja kati ya hizo.

Wapo wanaosema kwamba elektroni huhitaji kuchonga njia ndani ya shaba, kama vile ng'ombe wanavyochonga kijia kuelekea mtoni. Mfano huo hupendeza masikioni lakini haulingani na ukweli. Umeme wa muziki ni mkondo unaogeuka mbele na nyuma maelfu ya mara kwa sekunde, na elektroni zenyewe husogea kidogo mno kiasi kwamba haziendi kokote. Hakuna safari, hivyo hakuna kijia.

Hesabu fupi huonyesha zaidi. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 2.5, uliotandazwa mita tano hadi kwenye spika na mita tano kurudi, una ukinzani wa takriban 0.07 ya omu, kipimo cha ukinzani. Spika nyingi za nyumbani ni za omu 4 hadi 8. Waya huo basi huchukua sehemu ndogo sana ya nguvu.

Sasa fikiria hali ya hewa ya nyanda hizi. Shaba hubadili ukinzani wake kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Siku ambayo alfajiri ni nyuzi 10 na alasiri ni 25, ukinzani wa waya huo hupanda kwa karibu asilimia 6 kabla ya jua kutua, kisha hushuka tena usiku. Badiliko hilo ni la hakika na hupimika, lakini ni sehemu nne tu za elfu za omu moja, na hakuna msikilizaji anayelalamika kwamba spika zake huimba vingine saa kumi na mbili asubuhi.

Ikiwa badiliko linalopimika halisikiki, ni vigumu kuamini kwamba lile lisilopimika ndilo linalosikika.

Kuna pia nyaya ghali za kuunganisha amplifaya na soketi ya ukutani, ambazo nazo huuzwa kwa madai kwamba zikizoea hutakasa umeme. Msomaji ajiulize umeme huo umetoka wapi. Huenda umetoka kwa mvuke wa Olkaria, au kwa maji ya Mto Sondu ambao vijito vyake vingi huanzia huku huku Kericho na Bomet. Umesafiri kilomita nyingi katika nyaya za alumini, ukapita transfoma kadhaa na nyaya zilizo ndani ya kuta. Mita moja na nusu ya mwisho haiwezi kuusahihisha.

KINACHOBADILIKA NI MSIKILIZAJI

Ikiwa ni hivyo, mbona watu wengi waaminifu husema kwamba walisikia tofauti baada ya mwezi mmoja? Wengi wao hawadanganyi. Walisikia kweli, ila aliyebadilika ni msikilizaji.

Sikio huzoea. Mtu aliyehamia karibu na barabara kuu hukosa usingizi wiki ya kwanza, na mwezi wa pili haamshwi na lori lolote, ingawa malori hayajapungua. Vivyo hivyo, spika yenye sauti tofauti na redio ya zamani huonekana ngeni siku za mwanzo, na baadaye huwa ndiyo kawaida.

Kumbukumbu ya sauti nayo ni fupi. Mtu anaweza kukumbuka wimbo kwa miaka hamsini, lakini kukumbuka kwa usahihi kiasi cha besi alichosikia mwezi uliopita ni jambo lisilowezekana kwa binadamu. Anachokumbuka ni maoni yake.

Kisha kuna suala la sauti kuwa kubwa au ndogo. Tangu watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walipochapisha vipimo vyao mwaka 1933, imejulikana kwamba sauti ikiwa chini, sikio hupoteza besi zaidi kuliko sauti za katikati. Mtu akiongeza sauti kidogo, hata bila kukusudia, husikia besi imejaa na kudhani kwamba mtambo umeiva.

Macho nayo huingilia kazi ya masikio. Mnamo 1994 Floyd Toole na Sean Olive, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Harman ya Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambapo watu walisikiliza spika zile zile mara mbili: wakiziona, na zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Walipoziona, walizipa alama tofauti na walizozipa walipotegemea masikio pekee. Wasikilizaji hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni yenyewe ya spika.

Kuhusu nyaya, kisa kinachokumbukwa sana ni cha mwaka 2007. James Randi, Mkanada aliyekuwa mwanamazingaombwe kabla ya kugeuka mfichuaji wa madai ya miujiza, aliahidi dola milioni moja kwa yeyote ambaye angetofautisha kwa kusikiliza tu nyaya za spika za Pear Anjou, zilizouzwa kwa dola 7,250, na nyaya nzuri za kawaida. Mwandishi mmoja wa masuala ya muziki alijitokeza, lakini kampuni ikakataa kutoa nyaya zake na jaribio halikufanyika.

Kisa hicho hakithibitishi lolote kwa upande wowote, kwani shindano halikuchezwa. Kinachofunza ni kwamba jaribio la aina hiyo ni rahisi kuandaliwa, na hata mtu wa kawaida anaweza kulifanya sebuleni mwake.

JARIBIO LA NYUMBANI

Nunua nyaya mbili za aina moja, zenye urefu na unene sawa. Tumia mmoja kwa muda ule unaosemekana kuwa unahitajika, na mwingine uache kwenye pakiti. Kisha mwombe mtu mwingine akusaidie.

Msaidizi arushe sarafu bila wewe kuona. Ikianguka kichwa, aunganishe waya uliotumika. Ikianguka mkia, ule mpya. Akumbuke kuzima amplifaya kila anapobadilisha. Sauti ibaki pale pale, wimbo uwe ule ule, na nyaya zifunikwe kwa kitambaa. Wewe useme ni waya upi, naye aandike bila kukwambia kama umepata au umekosa.

Rudieni mara 16. Anayekisia tu hupata karibu nane. Kupata 12 au zaidi kwa bahati tupu hutokea chini ya mara nne katika kila mia moja, hivyo anayefikisha idadi hiyo ana sababu ya kurudia jaribio kwa makini. Anayepata saba, nane au tisa anaweza kuacha suala la nyaya na kutumia pesa zake kwingine.

Spika nazo zinaweza kujaribiwa kwa njia inayofanana. Kati ya spika mbili za jozi moja, piga moja kwa siku mbili na nyingine ibaki kimya. Halafu ziweke bega kwa bega na uzisikilize kwa zamu, wimbo ukiwa mmoja. Ikiwa kuna tofauti, itasikika hapo, bila kutegemea kumbukumbu.

MAKOSA YANAYODHANIWA KUWA UPYA

Wakati mwingine sauti mbaya ya siku ya kwanza ni ya kweli, na ina chanzo kinachoweza kurekebishwa kwa dakika chache.

Chanzo cha kwanza ni nyaya zilizopishanishwa. Kila spika ina ncha mbili, chanya na hasi, ambazo kwa kawaida hutiwa rangi nyekundu na nyeusi. Spika moja ikiunganishwa sawa na nyingine kinyume, koni moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta. Besi hufa, na sauti ya mwimbaji huelea bila mahali. Kasoro hiyo hufanana kabisa na ile inayoelezwa kuwa "ugumu wa spika mpya", lakini haitaisha hata ikingojewa mwaka mzima.

Mafundi huikagua kwa betri ndogo ya volti 1.5. Waya ukiwa umetolewa kwenye amplifaya, ncha zake huguswa kwenye betri kwa sekunde moja. Koni zote mbili zinapaswa kuruka upande mmoja.

Chanzo cha pili ni waya mwembamba mno. Baadhi ya mitambo huja na waya wa unene wa nyuzi chache tu. Ukiwa wa milimita mraba 0.2, safari ile ile ya mita tano kwenda na tano kurudi huwa na ukinzani wa karibu 0.9 ya omu. Kwa spika ya omu 4, hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tano, nayo inaweza kusikika. Dawa yake ni waya mnene wa kawaida, si waya wa ajabu.

Hapa mnunuzi awe macho. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu juu, unaouzwa kama shaba. Kwa unene ule ule, ukinzani wake huzidi wa shaba halisi kwa karibu nusu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo si shaba. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Chanzo cha tatu ni maungio. Hewa ya nyanda hizi ni baridi na yenye unyevu, na shaba iliyoachwa wazi hushika weusi au ukijani. Mtu akibadilisha waya na kusikia nafuu, huenda nafuu hiyo imeletwa na kule kuchomoa na kukaza upya, ambako kumekwangua kutu. Afadhali ajaribu kwanza kusafisha ncha za waya wake wa zamani.

Chanzo cha nne, ambacho mara nyingi ndicho kikubwa kuliko vyote, ni chumba chenyewe. Sakafu ya saruji, kuta tupu na paa la mabati lisilo na dari hurudisha mwangwi, na maneno ya mtangazaji huchanganyika. Zulia, mapazia mazito na makochi ya kitambaa husaidia. Wufa ikisogezwa pembeni besi huongezeka, na ikivutwa mbali na ukuta hupungua. Kusogeza spika nusu mita hubadilisha sauti kwa kiasi ambacho hakuna waya wowote unaoweza.

HATARI ILIYO YA KWELI

Kwa mkazi wa Kericho na Bomet, umeme unaopaswa kumkosesha usingizi ni ule utokao mawinguni. Kericho na Nandi Hills ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na mawingu hayo huja na radi. Radi ikipiga karibu na nguzo, msukumo wa umeme unaoingia nyumbani unaweza kuteketeza amplifaya kwa nukta moja.

Volti zinazopanda na kushuka ghafla nazo ni adui. Kiwango rasmi cha umeme wa nyumbani nchini ni volti 240, lakini umeme ukipotea na kurudi, hauji kwa utulivu kila mara. Kifaa cha kulinda dhidi ya mapandikizo hayo, pamoja na waya wa ardhini uliofungwa na fundi mwenye leseni, ni matumizi bora ya pesa kuliko waya wa kifahari. Ngurumo zikianza, chomoa plagi na antena pia. Kuzima kwa swichi hakutoshi.

SAA 200 NA RISITI YAKO

Lililo zito zaidi ni muda. Familia inayosikiliza muziki kwa saa tatu kila jioni itamaliza saa 200 baada ya siku 67, yaani zaidi ya miezi miwili. Mtambo wa wati 50 ukiachwa uwake usiku na mchana ili saa hizo ziishe upesi, utatumia uniti 10 za umeme, mbali na kuwakesesha majirani.

Katika miezi hiyo miwili, muda wa kurudisha bidhaa ulioandikwa kwenye risiti utakuwa umepita kitambo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, humhesabu mnunuzi kuwa ameikubali bidhaa akikaa nayo kwa muda wa kadiri bila kumfahamisha mwuzaji kwamba ameikataa. Subira, ambayo kwa kawaida huvuta heri, hapa humnyima mnunuzi silaha yake.

Haki zenyewe zipo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa pamoja na maelezo anayohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 nayo inakataza mwuzaji kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa.

Kwa hivyo, mnunuzi aanze dukani: aombe mtambo uunganishwe na upigwe mbele yake, kwa wimbo anaoujua vyema. Ahifadhi risiti, kadi ya dhamana na katoni. Akifika nyumbani, akague ncha za nyaya, aupe mtambo jioni mbili za muziki wa kawaida bila kuukaza sauti hadi mwisho, na asogeze spika hapa na pale.

Jioni ya tatu aamue. Ikiwa sauti bado inakwaruza au besi haipo ingawa nyaya zimeunganishwa sawa, arudi dukani asubuhi inayofuata na amweleze mwuzaji tatizo hilo kwa maandishi. Akiambiwa aende akangoje waya uzoee, aulize kwa heshima ni kitu gani ndani ya waya huo kitakachobadilika, na kinapimwa kwa kifaa gani.